Lenzi Ndani ya Sanduku la Dawa

Jumapili ile mtaa wetu ulikuwa umetulia, nanyi mnaikumbuka, msijifanye mmesahau. Karakana zilikuwa zimefungwa, redio zinaimba kwa sauti ya chini, na katikati ya njia fundi mageti alikuwa amempanga seremala na mkewe mbele ya mlango wao mpya. Siku sita za wiki bwana huyu alichomelea vyuma. Ya saba ilikuwa ya kamera yake. Hakumtoza mtu hata senti. Alichotaka ni tucheke tu, ndiyo maana tukamwita Cheka.

"Mzee, ondoa huo uso wa mahakamani," alimwambia seremala. "Unapigwa picha, hujashtakiwa."

Binti yake wa miaka kumi na mmoja alishika shuka jeupe la kurudishia mwanga. Huyu tulimwita Bibi Maswali, maana hakuwahi kupewa jibu moja akatosheka.

"Baba, mbona pembeni pa picha panatoka ukungu?"

"Ni lenzi, mwanangu. Unyevu uliingia, ikaota kuvu ndani kama mkate."

"Haioshwi?"

"Ikishaota, basi tena."

Bibi Maswali alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka sita. Aliishi kwa sindano za insulini, asubuhi na jioni, na insulini haitaki joto. Sasa, friji ya zahanati yetu ilikufa mwaka ule wa mafuriko, na dawa hiyo haikuwekwa tena pale. Mimi sisahau. Tuliambiwa fundi yuko njiani, na fundi huyo mpaka leo bado yuko njiani. Kwa hiyo kila baada ya miezi miwili mama yake alipanda basi hadi ng'ambo ya mpaka, akarudi na chupa za dawa kwenye sanduku dogo la buluu, zimezungukwa na pakiti za barafu.

Safari ile Cheka alimwambia mkewe, "Pumzika, mama. Hii nitakwenda mimi."

Mama wa watu akafurahi. Hakujua kuwa mumewe ana miezi mitatu anaongea kwa simu na mwenye duka la kamera kule ng'ambo, na kwamba lenzi mpya imewekwa kando inamsubiri.

Shida ilikuwa ushuru. Pale forodhani hukadiriwa mzigo kwa kutazama viatu vyako. Lakini mtaa huu una ujanja wake, na msinikodolee macho: sanduku la dawa halifunguliwi. Seremala alipitishia misumeno kwenye sanduku kama hilo. Mimi nilipitishia redio, kisha nikajitapa kibarazani kwamba wale wezi wa forodhani wakiona sindano hugeuza uso. Tulicheka mpaka machozi. Cheka alikuwa ameketi palepale.

Basi, kule dukani akafungua sanduku, akaona lenzi haienei. Halafu barafu hutoa jasho, na jasho ndilo lililomuulia lenzi ya kwanza. Akazitoa pakiti za barafu, akaziweka juu ya benchi la duka. Chupa za dawa akazifunga kwa shati lake, lenzi ikalala juu yake. Kabla ya kuifunga aliijaribu mara moja kwenye kamera aliyokuja nayo. Alipiga picha ya kilichokuwa mbele yake.

Foleni ya mpaka ilikula siku nzima, jua la utosi. Afisa akagonga sanduku kwa kalamu.

"Humu mna nini?"

"Dawa ya mtoto, afande."

"Pole sana, mzee. Pita."

Upande wetu wa mpaka basi likaharibika, abiria wakakaa hadi kesho yake kungoja kipuri, sanduku likiwa sakafuni karibu na injini. Alipofika nyumbani chupa zilikuwa na joto la chai. Akazitia kwenye friji yao ya nyumbani haraka, akijiambia zitapona.

"Barafu ilifika?" mkewe akauliza.

"Ilifika."

Insulini iliyoungua aghalabu hubaki angavu vilevile. Kwa macho huijui. Siku ya tatu binti akaanza kunywa maji kama anayezima moto tumboni. Siku ya nne akatapika. Wakampeleka zahanati, muuguzi akampima, sukari iko juu mno.

"Dawa ilikaa kwenye baridi njia nzima?"

Mama akamtazama mumewe.

"Baridi tupu, sista," akasema Cheka.

"Basi kuna kitu kingine kinaipandisha. Tutibu malaria kwanza. Sindano ziendelee, na muongeze kipimo kidogo."

Wakaongeza. Siku mbili zaidi mtoto alidungwa kitu kisicho na nguvu zaidi ya maji ya bomba, na baba yake akishika pamba. Jumapili ilikuwa imeingia katikati; alitupiga picha na lenzi mpya, nasi tukazisifu. Hakuna aliyeuliza mbona shuka jeupe limeshikwa na jirani.

Siku ya sita alihema kama aliyekimbizwa, pumzi ikanuka matunda yaliyooza. Wakakimbilia hospitali kubwa. Akatundikiwa dripu. Alipopata nafuu kidogo akaomba aone picha, mama akaishika kamera karibu na uso wake, akawa anarudisha nyuma moja moja: sisi na meno yetu nje, kisha geti, kisha ile ya kwanza kabisa ya lenzi mpya. Benchi la duka, na pakiti mbili za barafu, safi hata matone unayahesabu.

Mtoto akaigusa kwa kidole.

"Baba, barafu yetu inafanya nini pale?"

Cheka akanyoosha mkono kuichukua kamera.

"Mjibu mtoto," mama akasema. "Mwanamume we, mjibu."

Cheka akaanza kulia, na hilo ndilo likawa jibu. Mama akamfuata daktari kueleza. Daktari akavua miwani. "Siku ya nne lingesemwa hili, mama, tungekuwa tunazungumza mengine."

Bibi Maswali alifariki kesho yake mchana, saa ya kutazama wagonjwa, nasi tukiwa mlangoni na chupa zetu za uji. Mama yake alirudi kwa kaka zake. Cheka bado anachomelea mageti, na jina lile hakuna anayethubutu kumwita.

Funzo, na liwaume kama linavyoniuma

Msiniambie ni mipango ya Mungu. Barafu haikutolewa na Mungu. Ilitolewa na mtu mwema aliyependa kitu chake hadi kikachukua nafasi ya mwanawe, na ujanja wenyewe tulimfundisha sisi, tukicheka. Wakubwa walioacha friji ife wana damu hii mikononi, nitawaambia hivyo popote. Nasi tunayo.

Lakini shikeni hili kuliko yote. Barafu iliyoachwa dukani haikumuua mtoto yule siku hiyohiyo. Ilitoa siku sita. Katika siku hizo baba aliulizwa mara mbili, kwa upole, na watu wasiotaka kumfunga wala kumpiga. Ukiharibu dawa ya mtu, sema. Sema ukiwa unatetemeka, sema mkeo akutukane mbele ya majirani. Hakuna aliyewahi kuzikwa kwa sababu baba yake aliona haya lakini akasema.