Mbuzi Ambazo Hazikuwa Kwa Sinema

"Afadhali hata hukuiona," Gikunda alisema, akichovya mkate kwa chai. "Hiyo ya tisa ni takataka tupu."

Wawira akaweka kikombe chini. Kumbe ameiona.

Hawa wawili, mnisikilize vizuri, walipendana juu ya sinema za jasusi mmoja anaitwa Kapteni Moshi. Ya kwanza waliona wakiwa wanafunzi, kwa banda la vidio pale Runyenjes, benchi moja. Wakaahidiana hakuna mtu ataona ingine bila mwenzake. Na wakashika hiyo ahadi, hata zile za mwisho mwisho ambazo, jameni, zilikuwa zimeoza. Jasusi alikuwa amezeeka, akaletewa mtoto hatujui ametoka wapi, ya saba wakampeleka mwezini. Kufanya nini huko? Hata yeye hakujua. Lakini watu wanaenda tu, kwa vile wamezoea.

"Uliionea wapi?" Wawira aliuliza.

"Huko Meru. Alhamisi, na vijana wa kazi. Walinivuta tu, mpenzi. Unisamehe."

Gikunda alikuwa anauza mabati Meru mjini, anakuja wikendi. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja, wazee wake walikuwa walete ruracio kwa baba ya Wawira, mahari ianze kulipwa. Kwa hivyo Wawira akaona hiyo ni makosa kidogo, wacha ipite.

"Ni sawa. Basi nihadithie."

"Nikuhadithie nini? Adui anakufa, anarudi, anageuka kuwa ndugu ya jasusi. Kitu ilinichekesha ni moja. Jasusi anaambia adui amekuja kuomba msichana yake, mbuzi ziko nje kwa lori. Halafu wazee wanakataa moja, ati ni kiwete."

Muthamia, kaka ya Wawira, alikuwa kando ya mlango akifunga kamba ya kiatu. Akaiacha.

"Shemeji, rudia hapo kwa mbuzi."

Gikunda akarudia, akicheka peke yake.

Sasa, huyu Muthamia ndiye anashika maiki kwa hilo banda la Runyenjes. Sinema ikiongea Kizungu, yeye anawatafsiria watu hapo hapo, Kiswahili na Kiembu.

"Hiyo sinema haina mbuzi," alisema polepole. "Haina hata kuku. Ilinishinda kuelewa, watu wakaanza kutoka, nikatunga yangu. Alhamisi mchana, mara moja tu. Mwenye banda alinigombeza, sijarudia."

Gikunda akameza mkate.

"Labda mtu alinihadithia."

"Umesema ulikuwa Meru," Wawira alisema.

"Nilisikia Ednah akicheka huko nyuma," Muthamia akasema. "Kile kicheko yake ya punda. Nikajiuliza, huyu amekuja na nani?"

Ednah ni yule rafiki ya Wawira mwenye saluni Manyatta. Ndiye alikuwa amsuke nywele za hiyo Jumamosi. Wawira akampigia, akaweka simu juu ya meza kila mtu asikie.

"Ednah, Gikunda yuko hapa. Amesema yote ya Alhamisi."

"Amesema? Na ni yeye alinikataza. Ati ruracio ipite kwanza, halafu atajua vile atakuambia. Wawira, mimi nilimwambia hiyo si vizuri. Tangu Krismasi namwambia."

"Tangu Krismasi."

"Kwani hakukuambia ya Krismasi?"

Wawira akakata simu.

"Wacha tuongee," Gikunda alisema. "Hiyo ilikuwa sinema tu."

"Ya saba ilikuwa mbaya, nikaja. Ya nane nililala, lakini nilikuja. Unafikiri nilikuwa naangalia huyo mzee na bunduki yake? Nilikuwa nakuja kukaa karibu na wewe."

"Hata mimi, Wawira."

"Wewe ulikuwa umezoea tu."

Gikunda akageukia mlango. "Shemeji, niongelee."

"Leo natafsiri nini? Umeongea mwenyewe."

Wawira akatoka nje. Baba yake alikuwa anapaka geti rangi ya kijani, juu ya wageni wa Jumamosi.

"Baba, wacha tu hiyo rangi. Hakuna wageni."

Mzee akamwangalia macho, akaona vile yako. Akaangalia nyuma yake, akaona Gikunda akitoka nyumbani ameshika koti mkononi. Akaweka brashi kwa mkebe, akafungua geti yote, akasimama kando.

"Pita pole pole, kijana," alimwambia. "Usishike. Rangi haijakauka."