Kuku wa Mwalimu wa Kijapani

Tok... tok... tok... Hadi leo namsikia yule kuku akidonoa katoni, amefungwa kamba kwenye mguu wa kochi letu. Alikuwa anamsubiri mgeni ambaye hangekuja kamwe!

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na miwili. Naishi na mama karibu na soko la Rodi Kopany. Niliishia kidato cha nne, na ndoto yangu ni kwenda Japani kutunza wazee. Ada ya chuo cha lugha sikuiweza, basi nikajifunza Kijapani kwa simu. Kila asubuhi niliongea na ile AI, programu inayojibu kwa sauti kama ya mwanamke. Nikikosea, inanirekebisha polepole. Haikuwahi kunicheka... Nilijua kusema jina langu na kwamba napenda samaki, basi. Lakini nilijiona nimeshafika Tokyo!

Siku ya kwanza mama alichungulia mlangoni, akauliza naongea na nani. Nikamwambia kwa furaha kwamba ni mwalimu wangu wa Japani. Ningeongeza neno moja tu... Kwa nini sikuongeza?

Tangu hapo kila asubuhi alikuja kusalimia simu. "Ohayo, mwalimu!" Alisema inafanana na oyawore, salamu yetu Wajaluo ya asubuhi, kwa hivyo hao watu lazima ni jamaa zetu. Nilicheka naye. Kicheko hicho ndicho kilichonifunga.

Maana mama alisema mtu anayemfundisha mtoto wako bure lazima ale kuku kwako. Akachagua aliye mnono kuliko wote, akamfunga kamba. Kanisani akasimama kutoa ushuhuda. Kisha shangazi akaja kutoka Migori: fundi mmoja alikuwa tayari kunifunza cherehani. Mama akakataa kwa niaba yangu. Si mtoto wake ana mwalimu wa ng'ambo? Nilikuwa nimekaa papo hapo. Nikammiminia shangazi chai. Nafasi ikamwendea mwingine.

Kila siku niliahidi kusema kesho. Na kila kesho uongo ulinenepa pamoja na kuku.

Alasiri moja akina mama wa kanisa walitutembelea. Nilikuwa nje naanua nguo, simu nimeiacha wazi mezani. Mama akaichukua awaonyeshe mwalimu. Akamuuliza kwa Kiswahili, kama anavyoulizwa mgeni yeyote, yeye ni binti wa nani na kwao ni wapi. Niliingia sauti ikijibu kwa upole kwamba si mtu, ni programu ya kompyuta, haina kwao wala wazazi.

Walicheka hadi wakafuta machozi. Mmoja akauliza kama mwalimu atakula kuku au chaji.

Mama hakucheka. Aliirudisha simu mezani taratibu, kama yai.

"Nyathina," akaniita, yaani mtoto wangu, "miezi yote hii umeniacha nasalimia hewa?"

Programu iliulizwa mara moja tu ikasema ukweli. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilishindwa!

Ndugu zangu, sisemi muache kujifunza hivyo. Hata mimi bado najifunza. Lakini mwambie mzazi wako unaongea na nini, siku ile ile ya kwanza. Tafadhali... usingoje akuchagulie kuku.

Kesho yake mama alienda sokoni bila kuniaga. Nilipiga magoti kando ya kochi, nikafungua kamba. Kuku hakutoka. Alirudi kwenye katoni yake... tok.

Nikambeba kifuani hadi uani, nikamweka chini, nikaingia na kufunga mlango.