Mpangaji Aliyevaa Viatu vya Mumewe

Kila asubuhi kabla ya shule, Dodosa alifagia uwanja kwa ufagio, na nyumba nzima kwa macho. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, maana hakuna jambo lililompita bila kulidodosa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mambo ya chumba cha uani aliyajua kuliko waliolala humo.

Walikuwa mume na mke waliovuka bahari kuja kisiwani kwa miezi minne tu. Mume alikuwa mafunzoni katika hospitali ya kisiwa. Mke alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtaa ulishampa mume cheo cha Daktari, ingawa mtihani ulikuwa bado. Kila jioni alizunguka na kipimo cha presha, kwa kuwa alitakiwa kupima watu mia moja wasio ndugu zake. Akampima fundi cherehani, akampima muuza maji, na mama yake Dodosa alipimwa mara tatu. Mkewe hakumpima hata siku moja. Huyo hakuhesabiwa, tena alisema anakwenda kliniki mwenyewe.

Jumatatu Dodosa aliona kidole cha dada mpangaji hakina pete. Jumanne alimwona akiburuta viatu vya mumewe. Jumatano akachungulia: begi limefungwa, limewekwa nyuma ya mlango. Mh! Alhamisi dada aliaga kwamba anakwenda kliniki. Dodosa alipotoka shule, akamkuta kwenye benchi la posta, ameshika kichwa.

"Shikamoo dada. Kliniki imehamia posta?"

"Marahaba. We mtoto, umenishtua! Nimechoka tu. Usimwambie kaka yako, sawa? Jumatatu ana mtihani."

"Sawa, dada."

Sawa hiyo ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Hana pete, begi tayari, safari za uongo. Huyu anamtoroka mumewe! Alimnong'oneza mama yake jikoni.

"Ya mke na mume yaache," mama alisema. "Kaoshe vyombo."

Jioni hiyo Daktari alikuwa barazani, anamfunga mama kitambaa cha kipimo kwa mara ya nne. Dodosa akashindwa kuvumilia.

"Kaka, mke wako anakuacha."

"Ewe! Hebu funga huo mdomo!" mama alifoka.

Lakini mdomo ulishafunguka. Akataja pete, begi, benchi la posta. Daktari alikuwa anacheka. Dodosa alipotaja viatu, kicheko kikakatika.

"Viatu vyangu? Namba arobaini na nne?"

"Ndiyo. Na vinambana."

Daktari aliinuka na kipimo chake, mama na Dodosa nyuma yake. Mkewe alikuwa kitandani, uso umevimba. Alimtupia Dodosa jicho kali.

"Nyoosha mkono," mume alisema.

"Kwani mimi nahesabiwa?"

"Nyoosha, mke wangu."

Alipima, akapima tena. Presha ilikuwa juu mno. "Kichwa kinauma tangu lini?"

"Jumatatu. Na macho yanaona vimulimuli." Machozi yalimtoka. "Ningekwenda kliniki, wangenivusha bahari kwenda hospitali kubwa, nawe ungeacha mtihani unifuate."

Gari la jirani likawafikisha hospitali, pamoja na lile begi la kujifungulia, jua halijazama. Kesho yake mtoto wa kike alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo lakini mwenye sauti ya kuamsha wodi.

Mama alipompeleka Dodosa kuwaona, mdodosi huyo alijificha nyuma yake. Mkunga mkuu, mwalimu wa Daktari, akamvuta mbele.

"Nilimsingizia dada," Dodosa alisema. "Na ahadi nikaivunja."

"Kumsingizia umekosea, muombe radhi. Lakini maradhi hayatunziwi siri, mjukuu wangu. Mjamzito akivimba uso na mikono, akiumwa kichwa kisichoacha, au macho yakiona vimulimuli, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Angengoja Jumatatu, leo tungekuwa tunalia." Akamgeukia Daktari. "Nawe ulipima mtaa mzima ukamruka wa kitandani kwako! Mtihani utaufanya mwezi ujao."

Daktari aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, dada," Dodosa alisema.

Mgonjwa alimshika mkono. "Nilikukasirikia mpaka nilipomsikia mwanangu analia. Ukiniona tena naficha ugonjwa, sema."

"Nimwambie nani?"

"Yeyote mwenye masikio. Na asiposikia, mwambie mwingine."