Aliyembeba Kavata

Vikombe vilipungua kimoja. Wacera, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alikuwa amevipanga kikapuni mwenyewe asubuhi ile, kimoja kwa kila aliyefika kanisani Kariobangi, Nairobi, kwa safari ya matembezi. Sasa wote walikuwa chini ya mwamba, mbele ya maporomoko, chai inafuka mikononi, ila Nzembi peke yake hakuwa na kitu. Wacera akampa kikombe chake. Akasema chai siku hizi inamchoma kifua. Nzembi alijua si kweli, akapokea kwa mikono miwili.

Hakuna aliyetafuta sababu. Kwao Wacera, Murang'a, kama kwao Nzembi, Machakos, watu hawahesabiwi. Mbuzi sawa, madebe ya mahindi sawa, lakini ukiwanyooshea watu kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, ni kama kuonyesha nani wa kuchukuliwa. Wametoka Kariobangi, Baba Dogo na Donholm, hiyo ilitosha.

Mvua ilikuwa rasharasha tu. Akina mama walivua viatu wakachekana vidole vya miguu, na Nzembi, ambaye hakuwa amepumzika tangu Kavata azaliwe miezi saba iliyopita, aliyatazama maji yakishuka meupe akasikia mwili unalegea. Mama mmoja mwenye leso ya kijani akaketi karibu yake.

"Lete mtoto nikupokee, mama," akasema. "Mgongo umechoka."

Kavata huwalilia wageni. Kwa huyu alinyamaza. Mama yule alimpigapiga begani taratibu, kisha akamfunga mgongoni kwa leso yake, na Nzembi akamshukuru Mungu kwa watu wema wa Donholm.

Walipoanza kurudi mvua ilizidi. Njia ilikuwa nyembamba, kati ya mibuni ya kahawa, wakafuatana mmoja mmoja. Nguo za kila mtu zilikuwa zimelowa na kuganda mgongoni. Mbele ya Nzembi, leso ya kijani ilipepea kwa upepo kama nguo iliyokauka kambani.

Nangila, jirani yake katika ploti ya vyumba vya kupanga, akamsogelea kwa nyuma. Aliuliza polepole kama yule aliyembeba mtoto ni wifi yake.

"Si ni wa Donholm?"

"Wa Donholm nimewauliza. Wanasema ni wa kwenu, kwa vile amembeba mtoto." Nangila akashusha sauti zaidi. "Usinikasirikie. Sisi kwetu tunahesabu. Asubuhi nilihesabu kimoyomoyo, wanawake kumi na tisa. Sasa tuko ishirini."

Nzembi akaharakisha hatua. Alipomkaribia alisikia harufu ya jiwe lililokaa majini miaka mingi, baridi kama ndani ya tangi, na akatambua kwamba mngurumo wa maporomoko, ambao kwa mwendo ule ungekuwa umeshafifia nyuma ya kilima, ulikuwa bado papo hapo sikioni, unatembea nao, unapunguza mwendo wanapopunguza na kusimama wanaposimama, na kwamba tangu mwanawe achukuliwe hakuwa amemsikia akilia, wala kukohoa, wala kupumua.

Akaomba mtoto wake. Mama yule hakugeuka. "Bado umechoka," akasema kwa upole.

Walipofika barabarani Nzembi alifanya jambo ambalo mama yake angemchapa kwalo. Aliwasimamisha, akaanza kuwahesabu kwa sauti, akigusa kila bega. Alianza na yeye mwenyewe, ili kama kuna wa kuchukuliwa awe wa kwanza.

"Nzembi, mwanangu, usituhesabu," Wacera akanong'ona.

Hakusikia la mtu. Wacera akawa wa kumi na mbili, Nangila wa kumi na tisa. Akasimama mbele ya leso ya kijani, mkono wake ukabaki chini.

"Tumeisha," akasema. "Asante kwa kunibebea."

Mama yule alimtazama kwa huruma. Akafungua leso, akamweka mtoto mikononi mwake, akarudi alikotoka, na ule mngurumo ukashuka naye kilimani mpaka ukanyamaza.

Nyumbani, Maingi mumewe alikuwa hajatoka kazini. Nzembi aliwasha stovu, akamvua mtoto nguo, akamfuta. Shingo haikuwa na ile harufu ya maziwa. Hapo ndipo lilipomjia. Alihesabu wanawake. Kavata alikuwa mgongoni mwa yule, na yeye hakumhesabu. Alisema wameisha, mtoto hajatajwa, kana kwamba si wao.

Machozi yakamtoka kimya. Mtoto, ambaye hata kijiko alikuwa hajaweza kukishika, akainua kiganja, akamfuta shavu moja. Akamfuta na la pili. Kisha akaanza kumpigapiga begani, taratibu.

Upande wa pili wa ukuta Nangila alikuwa akikaanga vitunguu, angeita angesikika. Nzembi alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa na njaa, hilo lilionekana.

Akafungua vifungo vya blauzi, akamnyonyesha.