Sandali Utosini mwa Shimwa

Sikilizeni, na mwenye mtoto mchanga amfunike kwanza.

Nyumba ya Usumani, fundi cherehani wa mtaa wa Muhima, ilianza kunukia sandali bila mtu kuwasha chetezo. Harufu tamu, ya harusi. Ubaya ulikuwa hapo hapo. Ingekuwa uvundo, ungetafuta panya aliyekufa. Kitu kikinukia vizuri utatafuta nini?

Shallon, mke wa Usumani, alimshuku mama mkwe. Hao wawili walikuwa hawasemeshani tangu mtoto apewe jina. Bibi alitaka Swalehe, jina la marehemu mumewe; wao wakamwandika Shimwa. Tangu siku hiyo bibi akitaka chumvi anamwambia paka, na Shallon anamjibu paka. Basi Shallon akasema moyoni, huyu bikizee ananifukizia uchawi. Na bibi naye kule chumbani amejiziba pua na kanga, analalamika kwamba mkwe huyu aliyekulia Uganda amemletea mashetani.

Halafu Shimwa akaacha kulia.

Mwanzoni mama yake alimshukuru Mungu kwa kupata usingizi. Kisha akaangalia vizuri. Mtoto ana njaa, anafungua kinywa, uso unakunjamana, machozi yanamiminika, sauti hakuna. Hospitali wakamulika koo, wakasema koo zima. Na alikuwa anakonda. Anamaliza ziwa hili, anamaliza la pili, na mbavu zinazidi kuonekana, kana kwamba kuna mwingine anakunywa kupitia kwake. Ukiinama kumbusu utosini, sandali ndiyo inatokea pale.

Sasa, nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala, na Usumani alilitia kufuli. Vitambaa, alisema. Vitambaa kweli vilikuwepo, juu. Chini yake yalijaa magunia ya kabaruka, ule mti ambao Waswahili wanauita msandali. Genge la watu wakubwa lilikuwa linauchimba kwenye kilima kimoja mbele ya Masaka, nje kidogo ya mji, na halikati, linang'oa, maana mafuta mengi yako kwenye mzizi. Mlinzi aliyewazuia walimvunja mguu. Mvua ikaja, kilima kikateremka juu ya maharage ya watu, chemchemi ikawa tope. Kazi ya Usumani ilikuwa kuyashona magunia na kuyaficha ndani ya marobota ya mitumba, yavuke mpaka kama nguo. Mimi sikuchimba, alijiambia. Mimi nashona tu.

Maalim Kagabo akaitwa, akaja baada ya Alasiri, akaomba sandali ya kufukizia. Usumani akaona aibu kutoa kipande kidogo kwa ajili ya mwanawe. Akaenda ghalani, akarudi na mzizi mzima, mnene kama mkono wa mtu.

Maalim akauweka kwenye makaa, na moshi haukupanda, ulitambaa chini kwenye mkeka kama maji yanayotafuta njia, ukapita miguuni mwa bibi, ukapita miguuni mwa Shallon, ukamfikia Shimwa mapajani mwa mama yake, na mtoto akafungua kinywa, na kilio chake, kile kile ambacho mama yake alikuwa anakililia, kikasikika hatimaye, kikubwa, kina uchungu, lakini hakikutoka kinywani mwake, kilitoka kule nyuma, ghalani, ndani ya magunia.

Makaa yakazimika yenyewe.

"Usumani," Maalim akanong'ona, "kuni hii umeitoa wapi?"

Usumani akaelekeza kidole nyuma, ghalani.

"Umenifanya nimfukizie jini mifupa yake mwenyewe. Huyu hatoki kwa kisomo. Ameng'olewa kwao. Rudini huko."

Usumani akasema akifungua mdomo lile genge litamuua. Hapo bibi akasimama. Paka alikuwepo mlangoni, bibi hakumtazama.

"Binti yangu," akamwambia Shallon, "lete wembe."

Wakalipasua gunia la kwanza, mama na mkwe, mzizi kwa mzizi, na kila mshono ukikatika kilio kinasogea karibu. Usumani hakuweza kuvumilia. Akaenda kituoni kwa miguu yake, akawataja wote. Genge likakamatwa na malori yake, magunia yakachukuliwa, na yeye mwenyewe akafungwa. Wanawake walibaki na ule mzizi ulioungua.

Wakaupeleka kilimani, kule Masaka. Watu wa kule walikuwa wanachimba matuta kuzuia udongo, na aliyewapokea ni Nyirahabimana, mama wa yule mlinzi aliyevunjwa mguu. Alikuwa na haki ya kuwafukuza. Alimtazama mtoto.

"Kabaruka haiishi peke yake," akasema. "Iko inashika mizizi ya jirani, inanyonya pale. Nyinyi mmeiondoa kwa jirani yake. Imejitafutia mwingine."

Wakauzika ule mzizi kando ya kichaka kilichopona, wakapanda mbegu zilizookotwa chini ya miti michache iliyobaki. Msimu mzima Shallon aliteka maji na wanawake wa kilimani, Shimwa mgongoni, mwepesi kama kanga iliyokauka. Asubuhi jani la kwanza lilipotoka, mtoto akalia. Majembe yakasimama kilima kizima. Bibi akalia naye, akimwita Swalehe, na Shallon akaliacha lipite.

Leo kilima kina kijani, chemchemi inaonyesha mawe yake. Watu wanasema jini ameondoka. Shallon hasemi hivyo. Kiangazi kilichopita alikuwa anamwogesha mwanawe, mtoto akapiga yowe, na kwenye muundi wake pakatokea mkato safi, bila kisu, bila kitu. Kabla damu haijakauka simu ikalia. Nyirahabimana. Mtu ameingia na panga, alisema. Tumemfukuza, amewahi kukata mche mmoja tu.

Tangu hapo, kabla ya chai, Shallon ananusa utosi wa Shimwa. Ukinuka maziwa, anapumua.

Leo asubuhi bibi ndiye aliyemwogesha. Akainama utosini, akakaa hivyo hivyo, hainui kichwa. Kisha akamgeukia mkwewe, sauti chini.

"Piga simu Masaka."