Koti Jekundu Lililorudi Zima

Zzzip.

Ilikuwa sauti ndogo ya kuibia, zipu inayofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Mama Kidoti alikuwa fundi cherehani. Zipu ya begi na zipu ya gauni alizitofautisha hata usingizini. Akabaki amelala vilevile, macho wazi gizani. Zipu ikasimama, kisha ikaendelea, jino kwa jino.

"Unatafuta nini humo, Baba Kidoti?"

Sauti ya mumewe ikatoka sakafuni. "Sweta yangu."

"Unaitafuta au unaitoa?"

Akawasha taa. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya begi, nguo zake zote kazirundika kando. Begini zilibaki za mama na za mtoto tu. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo, na basi la kwenda milimani lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili na nusu.

"Nendeni nyie," akasema bila kumtazama. "Waambieni nimebanwa na kazi."

"Ndoa yetu inatimiza miaka kumi, niende kuisherehekea na nani? Na begi?"

"Usinifanyie utani."

"Sitanii. Nauliza."

Akachukua simu chini ya mto, akamsomea ujumbe: "Njooni bila visingizio. Ndoa mlifungia barazani kwangu, na keki ya miaka kumi mtaikatia hapohapo. Mwambie mumeo kwamba Ngazi anamuulizia kila siku."

Ujumbe ulitoka kwa Mpishi, mwenye nyumba ya wageni kule juu theluji inakokaa mwaka mzima. Ngazi alikuwa mume wa Mpishi, jina alilopewa kwa urefu. Zamani yeye na Baba Kidoti walikuwa chanda na pete, wakiongoza wapanda mlima pamoja. Mpaka siku moja, miaka saba iliyopita, Ngazi akaanguka mwambani na mguu ukavunjika mara mbili. Mwezi uleule Baba Kidoti alimteremsha mkewe mjamzito mpaka mjini, akaomba kazi ya ghala, na mlima hakuutaja tena.

Tangu hapo hakufunga kitu chochote kwa kamba. Mizigo ya ghalani alifungiwa na wenzake. Kidoti, binti yao wa miaka sita, hakuwahi kuvaa viatu vya kamba, vyake vyote vilikuwa vya kubandika. Na wiki iliyopita, Mama Kidoti akitafuta mkasi kwenye droo, alikuta barua. Mumewe alikuwa ameomba uhamisho wa ghala la mbali. Peke yake.

"Barua niliiona," akasema sasa.

Mumewe akashusha pumzi. "Ni heri kwenu. Aliyemwangusha rafiki yake, ipo siku atamwangusha na mwanawe."

"Miaka saba unabeba jambo hujawahi hata kunisimulia. Nisimulie leo. Ukimaliza, kama bado hutaki kwenda, sweta nitakutolea mimi mwenyewe."

Akaanza, maneno yakimtoka kama mtu anayetapika.

"Tulikuwa na kanuni yetu. Hakuna anayejifunga mwenyewe. Mimi nakufunga, wewe unanifunga. Alfajiri ile, pale kibandani, nilimfunga kamba kifuani, juu ya lile koti lake jekundu. Nikavuta mara tatu. Jua lilipopanda nikatangulia kuikagua njia nyuma ya jiwe. Nikasikia kelele. Nilipofika, yuko chini na kamba iko juu. Fundo limefunguka, Mama Kidoti. Fundo langu."

"Ulimfunga juu ya koti?"

"Si nimekwambia? Baridi ile, ungemfunga juu ya nini?"

Mkono wa Mama Kidoti ukatulia juu ya sweta. Siku ile hospitalini yeye ndiye aliyepewa mfuko wa nguo za mgonjwa azishone. Shati lilikuwa limechanika kutoka bega hadi kiunoni. Koti jekundu alilikuta limeviringishwa ndani ya begi la mgongoni, zima, bila uzi uliokatika. Wakati ule hakuwa na sababu ya kujiuliza lolote. Alilishona shati, koti akalirudisha lilivyokuwa.

Koti lililofungiwa kamba kifuani halivuliki mpaka kamba ifunguliwe.

Ulimi ulimwasha. Lakini alimjua mumewe. Akimwambia yeye, atasema ni mke anamtetea mumewe. Neno hili lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kulitoa.

"Vaa," akasema, akimrushia sweta. "Utamtazama Ngazi usoni mara moja tu. Ukirudi, ukitaka kuhama, hama. Nitakupangia begi mwenyewe, na unajua napanga vizuri kuliko wewe."

*

Walifika mchana. Milima ilikuwa myeupe juu na majani chini, na hewa iliuma pua. Mpishi aliwapokea mlangoni, aproni imejaa unga.

"Shemeji, umenenepa au ni sweta tatu?"

"Nne," Baba Kidoti akajibu, na ndani yake kicheko kidogo kikajitokeza, kikarudi haraka.

Ngazi alisimama nyuma, ameegemea fimbo. Wanaume wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe.

"Umekuja," Ngazi akasema.

"Nimeletwa."

Mpishi akamvuta Kidoti, akampa boksi. "Hivi ni vya kwako, mwanangu. Huku viatu vyako vya mjini vitakufa siku ya kwanza."

Vilikuwa viatu vidogo vya buti, vya rangi ya kahawia, vyenye kamba ndefu nyekundu. Kidoti akavivaa papo hapo, akamnyooshea baba yake mguu. Baba akatazama zile kamba, akageuza uso dirishani.

"Mpe mama," akasema.

"Mama ana mizigo."

"Basi vivue kwanza."

Mtoto akavivua taratibu. Mama Kidoti aliona yote. Aliona pia, kwenye msumari karibu na mlango, koti jekundu. Alisubiri mumewe apelekwe chumbani, akaliteremsha, akamfuata Ngazi kwenye banda la kuni.

"Shemeji, hili koti siku ile lilikuwa mwilini au begini?"

Ngazi akaacha kuokota kuni. "Siku gani?"

"Usinizungushe, mimi si mgeni wako wa kulipia. Mume wangu alikufunga juu ya koti. Mimi nililikuta begini, zima. Shati ndilo lililochanika. Nani alifungua kamba?"

Kuni moja ikamponyoka. Hakuiokota.

"Jua lilikuwa kali," akasema hatimaye. "Yeye alikuwa nyuma ya jiwe. Nikaona aibu kumwita arudi kwa ajili ya koti. Nikafungua, nikavua, nikajifunga mwenyewe. Harakaharaka, na vidole vimekufa ganzi."

"Na ukanyamaza."

"Nilipozinduka hospitalini, alishasema fundo ni lake. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha vijana ile kanuni, shemeji. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho mkahama. Nikasema mwaka ujao. Mwaka unazaa mwaka."

"Mwenzio ameomba uhamisho. Anatuacha mimi na mtoto, kwa sababu anaamini mikono yake inaua."

Ngazi akakaa juu ya gogo, fimbo ikaanguka pembeni.

"Sikujua hilo."

"Sasa unajua. Nakupa mpaka keki ikatwe. Usiposema, nitasema mimi."

Saa moja baadaye, Mama Kidoti akiwa anamenya viazi na Mpishi, simu yake ikalia. Ujumbe wa Ngazi: "Shemeji, hata mke wangu hajui. Atanifukuza."

Akafuta vidole, akatabasamu, akaandika: "Kwa mguu huo hutafika mbali. Atakurudisha kabla ya giza. Sema."

"Nani huyo anakuchekesha?" Mpishi akauliza.

"Mteja. Nguo yake ilikaa muda mrefu, sasa anataka kuichukua."

*

Keki ililetwa kabla jua halijazama, kwenye baraza ileile waliyofungia ndoa. Mpishi akampa Baba Kidoti kisu.

"Haya, mwenye ndoa, kata."

"Ngoja," Ngazi akasema.

Akasimama. Mama Kidoti alimwona anavyoishika fimbo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma, lakini hakumsaidia.

"Fundo lako halikufunguka," Ngazi akasema. "Nililifungua mimi. Nilivua koti, nikajifunga mwenyewe. Kilichoachia ni fundo langu. Nimekuacha ubebe miaka saba kitu ambacho si chako."

Mpishi akaweka sahani chini, polepole mno.

"Rudia," akamwambia mumewe.

"Umesikia, mke wangu."

"Nilitaka nihakikishe, maana miaka yote hii kila nikikukanda ule mguu, unaniambia nimsamehe yeye. Ukanifanya nisamehe mtu asiye na kosa." Akaivua aproni. "Leo utalala na kuni zako."

Baba Kidoti bado alikuwa ameshika kisu. Akakiweka kando ya keki, kwa uangalifu, akashuka ngazi za baraza, akaenda zake kwenye majani. Mama Kidoti akamfuata. Alimkuta amekaa juu ya jiwe, akitazama viganja vyake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa, sasa hakumbuki pa kukiweka.

"Ulijua?" akauliza.

"Tangu alfajiri, ulipotaja koti."

"Safari yote ile umekaa kimya?"

"Ningekwambia mimi, ungeamini?"

Akafikiri. "Nisingeamini."

"Ndiyo maana."

"Nataka kumpiga."

"Haki yako. Ila ana mguu mmoja na nusu, watu watakucheka."

Kicheko kikamtoka, kikageuka kilio katikati. Hakumzuia. Alikaa naye juu ya lile jiwe baridi, bega kwa bega, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Siwezi kumsamehe leo," akasema.

"Nani kakwambia leo? Ila mimi nina langu, na langu ni la leo. Barua ile."

Akatoa simu, akaandika, akampa mkewe asome kabla hajatuma: "Bosi, naomba kufuta ombi langu la uhamisho. Familia yangu iko hapa."

"Umeandika vizuri," akasema. "Tuma."

"Na wewe, Mama Kidoti, miaka saba umekaa na mtu asiyekuwepo. Kwa nini hukuondoka?"

"Nilijua ulipo. Ulibaki huku juu. Nilikuwa natafuta nauli na ujasiri tu." Akamshika mkono. "Na mimi mwanamume wangu nilimchagua kwa mikono yake. Namna ulivyonishika kwenye ile njia ya barafu, mara ya kwanza. Sijawahi kushikwa vile na mtu mwingine, wala sitaki."

*

Asubuhi, ndani ya jiko la Mpishi, moto ulikuwa umeshika. Mpishi alikuwa anampa mumewe chai bila kumsemesha, lakini sukari alimtilia vijiko viwili, vilevile anavyopenda. Ngazi alikuwa na vumbi la magome kwenye nywele.

Mlango ukafunguliwa. Baba Kidoti akaingia, akasimama mbele ya rafiki yake.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Lakini chai nitakunywa. Sogea, uniachie nafasi."

Ngazi akasogea. Baba Kidoti akakaa kwenye benchi lilelile, katikati yao nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mama Kidoti, aliyekuwa anakata mkate, akageuka upande wa ukuta ili asionekane uso.

Nje kwenye baraza zikasikika hatua nzito za mtu mdogo. Kidoti akaingia na vile viatu vya kahawia miguuni, kamba nyekundu zimekazwa sawasawa, ncha zake zimechomekwa ndani, namna wanavyofunga watu wa mlimani. Akamnyooshea Mpishi mguu mmoja, kisha mwingine, akahakikisha kila mtu jikoni ameona.

"Amenifunga baba."