Mgeni Aliyepokelewa Hewani

Siku hiyo Virginie aliita vituo vitatu, vikaitika vinne.

Kwanza alidhani ni masikio yake. Mvua ya alasiri ilikuwa inapiga bati kwa fujo. Kamituga iliitika kwa sauti ya Apollinaire, Kavumu kwa sauti ya Grégoire, Minova kwa sauti ya Martine na kicheko chake. Kisha, mkono wake ukiwa tayari umefika kwenye kikombe cha chai, kitu kingine kikasema ndani ya spika, pole pole, kama mtu anayejaribu kinywa kipya:

"Na mimi."

Kampuni ya kahawa aliyoifanyia kazi ilikuwa imeiweka phonie sebuleni kwake, mtaa wa Nguba mjini Bukavu, kwa kuwa paa la ofisi lilivuja. Phonie ni redio ya kupeleka na kupokea sauti: unabonyeza kitufe cha mikro, yaani kipaza sauti, unasema, unaachia, unasikiliza. Simu ya posta ilikuwepo, naam, na kuku pia ana mabawa. Ukitaka kusikika Kivu nzima miaka ile ya Zaïre, ulitafuta phonie.

Habari za magunia na malori zikiisha, makarani hao wanne hawakuzima. Walibaki hewani wakipiga soga. Apollinaire, karani wa machimbo, alikuwa na kalkuleta ya ajabu iliyoshika maagizo, akayaita programu. Aliyasoma kibonyezo kwa kibonyezo, na Grégoire, aliyepewa kalkuleta kama hiyo na rubani mmoja, aliyaingiza katika yake kule uwanja wa ndege wa Kavumu. Martine alifundisha namna ya kuoka keki juu ya makaa bila kuiunguza chini. Virginie alieleza jinsi ya kusafisha mikro kwa pamba na manukato kidogo. Hawakuwa wameonana hata mara moja. Serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo, kila mtu akawa citoyen huyu na citoyenne yule, yaani raia fulani, lakini humo hewani waliitana kwa majina waliyopewa na mama zao, na labda ndiyo maana walipendana hivyo.

Walikuwa na desturi mbili. Anayeita hujibiwa "nakupokea cinq sur cinq," yaani sauti yako imefika safi, kisha anaachiwa neno kwa kusema "à vous". Na hakuna aliyesema "terminé", neno la kufunga mazungumzo. Martine ndiye aliyeanza kulikataa.

"Terminé ni neno ya kufukuza mutu," alisema. "Tuseme tu à vous, tuache mulango wazi mpaka kesho."

Wote wakakubali, maana lilikuwa wazo zuri la watu wazuri.

Basi sauti ile ngeni iliposema "Na mimi," Virginie alifanya alivyozoea.

"Nani ule anaita? Taja station yako, à vous."

Mkwaruzo. Kisha: "Unanipokea?"

"Nakupokea cinq sur cinq. Karibu kwetu, à vous."

Hapo sebule ikanuka. Si moshi wala waya ulioungua. Ilikuwa harufu ya udongo wa chini sana, udongo usiowahi kuona jua. Nyuma ya Virginie, mume wake Léopold aliacha kukanyaga cherehani.

"Vivi, umesikia ile harufu?"

"Ni mvua," Virginie alisema.

Léopold alikuwa fundi wa nguo, lakini Bukavu haikumjua kwa suruali. Ilimjua kwa sauti. Aliongoza kwaya ya parokia, na alipoingia kwenye noti ya chini hata watoto wakorofi wa benchi la mwisho walinyamaza. Akishona, aliimba. Na kila Virginie alipobonyeza kitufe, wimbo wa mume wake ulipita naye hewani hadi Kamituga. Apollinaire alizoea kumwambia: "Dada, usiachie kitufe, acha papa amalize."

Kumbe hakuwa Apollinaire peke yake aliyeupenda.

Yule mgeni alikuja kila alasiri. Hakuwa na jina wala mahali, ukimuuliza yuko wapi, anasema, "Hapa muliko." Apollinaire alimtania kwa kumwita Station Bila Jina. Walidhani ni mtawa wa Shabunda anayeona haya. Mwanzoni alisema kama kitu kinachokwaruza sahani. Baada ya siku chache sauti ikaanza kupata nyama. Ikawa nzito. Siku moja, Martine akiwa katikati ya habari za nyanya zake zilizooza, mgeni akaanza kuvumisha wimbo taratibu, wimbo wa Léopold wa kutarizi kola.

"Eh! Anajua hata wimbo ya papa," Martine alisema akicheka.

Virginie hakucheka. Léopold alikuwa amekaa palepale kwenye cherehani, na siku hiyo hakuwa ameimba.

"Ni mafua tu," alimwambia mkewe kwa sauti iliyokwaruza.

Virginie akampa ndimu na tangawizi. Akampaka mafuta kifuani. Daktari alimwangalia koo kwa taa, akasema koo ni zima kabisa, akampa vidonge ili wasitoke mikono mitupu. Jumapili Léopold alisimama mbele ya kwaya, akainua mikono, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa pumzi. Wanakwaya wakatazamana. Mwanamume mzima akashusha mikono pole pole akarudi kukaa.

Baada ya hapo hata pumzi zikaanza kupungua. Kupanda mteremko kutoka barabarani kulimchukua mapumziko mengi, mkono ukutani, midomo ya kijivu. Virginie aliyekuwa akiogopa kuwa mume wake hataimba tena sasa alianza kuogopa kuwa atamzika.

Alasiri moja hakuwasha phonie. Aling'oa waya za batri, akafunika chombo kwa kitambaa, akamlaza Léopold kwenye kiti kirefu, akakaa karibu naye akimpepea. Jua lilikuwa linawaka juu ya ziwa, watoto wa jirani wanapigiana kelele, mchana mweupe kabisa usio na sababu ya kumtisha mtu, na ndipo akaisikia harufu ile ya udongo ikipanda kutoka chini ya kitambaa, ikatambaa juu ya vitambaa vya wateja na sindano na kikombe cha dawa, na nyuma ya harufu ikaja sauti, si mkwaruzo tena bali sauti ya Léopold yenyewe, ile ya zamani, nzito na tamu, sauti iliyomposa miaka ile na kuimba kwenye harusi yao wenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine, ikimwita kwa jina ambalo mtu mmoja tu duniani alimwita, "Vivi, Vivi yangu, unanipokea?", huku Léopold mwenyewe amelala mbele yake, midomo imefumbwa, kifua kikipanda kidogo tu kwa kila neno lililosemwa kule, kama kwamba kila neno linavutwa kutoka ndani yake kwa uzi.

Virginie alikimbia bila viatu hadi kwa Cibalonza.

Cibalonza alikuwa mjane kutoka kijiji cha Kabare aliyeuza mkaa chini ya barabara, na wale waliokwenda misa asubuhi walimwendea jioni kwa mlango wa nyuma. Hakubeba pembe wala hirizi. Walipofika kwa Virginie alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Mwana wangu," alinong'ona, "siku ya kwanza ulimwambia nini?"

"Nani, maman?"

"Yule jini mwenyi kukaa mule. Hawa hawaingiake nyumba ya mutu hivi hivi. Ulimwambia nini?"

Virginie akafikiri. Jibu likamfikia.

"Aliniuliza kama namupokea. Nikasema nakupokea. Maman, ile ni neno ya kazi tu! Maana yake nasikia sauti yako muzuri!"

"Kwako ni kazi. Kwake ni mulango." Cibalonza alitikisa kichwa. "Mugeni akisha kupokelewa anakula. Hakukuta ugali kwenye ile sanduku yenu. Alikuta sauti. Sasa amemaliza sauti, anakula pumzi."

"Mufukuze basi! Nitakupa hata cherehani."

"Mugeni hafukuzwake. Ukimufukuza anashika nguvu. Anasindikizwa mpaka inje, na mwenyi kumupokea njo mwenyi kumusindikiza. Wewe, si mimi. Munaaganaga namna gani mule ndani?"

Virginie alikumbuka siku Apollinaire aliposoma programu akasahau agizo la mwisho, kalkuleta ya Grégoire ikahesabu bila kusimama hadi ikazimika. Wote walikuwa wamecheka. "Programu bila stop haina akili ya kuacha," Apollinaire alieleza. "Inazunguka tu, inakula pile, ile batri yake. Pile ikiisha njo inasimama."

"Hatuaganake," Virginie alisema. Machozi yakamtoka. "Neno iko, lakini tulilikataa. Tuliona ni baya."

"Ulitumie leo. Lakini sikia." Mama yule alishusha sauti zaidi. "Mugeni hatapikake kile amekwisha kula. Akienda, anaenda nayo. Pumzi ya bwana yako itabaki. Sauti, hapana."

Nyuma yao kitu kiligonga fremu ya mlango. Léopold alikuwa amejikokota hadi hapo na amesikia yote. Alimtazama mke wake. Kisha akachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia kitambaa, akaenda kusimama chini ya dirisha, pale waya wa antena ulipoingilia.

Virginie akaunganisha batri. Alikosea mara mbili.

"Vivi," phonie ilisema mara moja. "Nilikungojea."

Alibonyeza kitufe. "Nimekuja kukusindikiza," alisema. "À vous."

"Kunisindikiza wapi? Hapa ni kwangu. Ulinipokea." Kisha ikaanza kuimba, na wimbo wenyewe ulikuwa ule wa harusi, kwa pumzi ndefu na noti ya chini inayotikisa glasi kabatini. Virginie alilia kwa sauti. Alijua hatausikia tena maishani. Alitamani kuuacha ufike mwisho, ubeti huu tu, na kila alivyotamani, Léopold dirishani alizidi kuinama, goti moja likagusa sakafu, mkasi ukalegea mkononi.

Akabonyeza.

"Terminé," alisema. "Terminé. Terminé, mume wangu."

Léopold akakata waya.

Glasi za kabatini zikanyamaza. Harufu ya udongo ikatoka kwa mlango, na Cibalonza aliyekuwa kizingitini akasogea pembeni kama anayempisha mtu. Léopold alivuta pumzi ndefu, na nyingine, na rangi ikamrudia usoni. Alipofungua kinywa kumwambia mkewe neno, hapakuwa na neno.

"Usifungue tena ile chombo," Cibalonza alisema. "Hata siku moja."

Virginie alitii. Aliwaambia wa kampuni kwamba phonie imeharibika. Mumewe alipata nguvu, akarudi kwenye cherehani, akashona kimya, na kimya hicho kilikuwa kigumu kukizoea, lakini alikuwa hai, alikula, alipanda mteremko bila kushika ukuta. Virginie alimshukuru Mungu kila asubuhi.

Léopold ndiye aliyekosa amani. Alikuwa akiitazama phonie. Siku moja alimvuta mkewe mkono, akaonyesha chombo, kisha akaonyesha kwa mbali: kaskazini, upande wa Minova, kusini, upande wa Kamituga. Akaweka mkono kooni kwake. Virginie akaelewa, akaona aibu kwamba hakuwa amewafikiria. Marafiki wale hawakuambiwa kitu. Na hakuna njia ya kuwaonya isipokuwa ile ile.

Léopold mwenyewe akaunga waya uliokatika. Virginie akabonyeza kitufe.

"Minova, Minova, ni Bukavu anaita. Martine, unanisikia?" Alijihadhari asitaje neno la kupokea. "À vous."

"Virginie! Jamani, tulifikiri umekufa!" Furaha ya Martine ilijaa sebule. "Lakini papa Léopold alituambia uko muzuri. Anakuja hapa kila siku, anatuimbia. Kumbe amepona! À vous."

Virginie alimtazama mume wake. Midomo ya Léopold ilikuwa imefumbwa.

"Martine, sikia vizuri. Ile si Léopold. Mulimujibu nini?"

"Aliuliza kama namupokea. Nikamujibu cinq sur cinq, sasa ningesema nini?"

"Mwambie terminé. Sasa hivi! Martine, nakuomba, sema terminé!"

Martine akacheka, na katikati ya kicheko chake kicheko kingine kikaingia, kizito, kitamu, ambacho Virginie alikijua kuliko chake mwenyewe.

"Terminé? Kwa bwana yako? Dada, mimi sifukuzake mutu," Martine alisema. Akakohoa. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kidogo. "Usijali, ni mafua tu. À vous."